Nusu ya Siku Inaishia Saa Ngapi?

Nesi anasoma swali la nne: kuchoka au kuishiwa nguvu. Kisha anasoma majibu manne kama yalivyopigwa chapa juu ya karatasi. Hapana kabisa. Siku kadhaa. Zaidi ya nusu ya siku. Karibu kila siku.

Mama aliyeketi mbele yake anawaza kidogo. "Zaidi ya nusu ya siku, sista. Asubuhi nafagia, nachota maji. Ikishafika saa nne, mwili wote unalegea mpaka jioni. Juzi ilikuwa hivyo, na jana."

Nesi anaweka tiki safu ya tatu. Alama mbili.

Hakuna aliyekosea. Mama amejibu alichoulizwa, nesi ameandika alichojibiwa. Ila karatasi ilitaka kujua ni siku ngapi kati ya kumi na nne, na mama amesema ni saa ngapi kati ya kucha na kuchwa. Kwa Kiswahili siku moja ni siku, na siku mia ni siku. Ukisema "zaidi ya nusu ya siku" bila kuongeza neno, umesema mambo mawili kwa mara moja. Mama alichagua lile lililo karibu na maisha yake. Kwa siku mbili za kulegea alistahili alama moja. Amepewa mbili.

Tukio la namna hii linaweza kutokea kwenye kliniki yoyote inayotumia PHQ-9, lile dodoso la maswali tisa la kupima sonona, au unyogovu kama wasemavyo wengine. Kwa wiki kadhaa sasa nimeshindwa kuitoa sentensi hiyo moja kichwani. Alama moja ni kitu kidogo. Lakini maswali ni tisa, majibu ya kila swali ni yaleyale manne, yenye alama 0 mpaka 3, na kizingiti cha kumshuku mtu kuwa na sonona ni jumla ya 10.

Asilimia 88 ilitoka wapi

Kila anayelitetea dodoso hili hutaja namba moja: asilimia 88. Ilichapishwa mwaka 2001 na Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams. Walilijaribu kwa wagonjwa 6,000 katika kliniki za Marekani, za magonjwa ya kawaida na za akina mama. Kati yao 580 walihojiwa upya na wataalamu wa afya ya akili ambao hawakuwa wameziona alama zao.

Katika hao 580, waliokutwa na sonona kamili walikuwa 41.

Soma tena hapo. Asilimia 88 ile maarufu maana yake ni watu 36 kati ya 41 waliofikisha alama 10 au zaidi. Nilipoiona hesabu hiyo nilidhani nimeshapata jibu la kinachonisumbua: namba imesimama juu ya kichuguu.

Sivyo. Mwaka 2019 Brooke Levis, Andrea Benedetti na Brett Thombs walikusanya data za mtu mmoja mmoja kutoka tafiti 58, jumla ya watu 17,357, ambao 2,312 kati yao walikuwa na sonona. Kizingiti kikiwa 10, na mahojiano yakiwa yale ya kina yanayofanywa na mtaalamu, dodoso liliwakamata asilimia 88 ya wagonjwa. Na katika wasio wagonjwa, liliwaacha salama asilimia 85.

Namba ilisimama.

Hapo ndipo mashaka yangu yalipolazimika kuhama. Swali si tena kama asilimia 88 ni ya kweli. Ni asilimia 88 ya nini, na inakuwaje ikifika mezani kwa nesi.

Watu elfu moja kwenye benchi

Chukua watu 1,000 wanaosubiri kwenye kituo cha afya. Tuseme 70 kati yao wana sonona kweli, yaani asilimia 7, kiwango kilekile cha utafiti wa 2001. Dodoso linawakamata 62 na kuwakosa 8. Vizuri sana.

Sasa wageukie 930 waliobaki. Asilimia 85 wanaachwa salama. Asilimia 15 wanafikisha kumi bila kuwa na sonona, na asilimia 15 ya 930 ni watu 140.

Meza ya mshauri nasaha inapokea watu 202. Wenye sonona ni 62. Mmoja kati ya watatu, na hata huyo wa tatu hajatimia.

Hakuna swali lililotafsiriwa vibaya katika hesabu hiyo, wala nesi aliyechoka. Ni wingi wa wazima tu. Kadiri ugonjwa unavyokuwa adimu kwenye benchi, ndivyo wazima wanavyowafunika wagonjwa. Wagonjwa wakiwa 30 kwa 1,000, wenye sonona kweli ni karibu 26 kati ya watu 172 walioitwa. Wakiwa 200, ni 176 kati ya 296. Karatasi ni ileile, kizingiti ni kilekile, maana ya "amepata kumi" imebadilika mara tatu.

Ndiyo maana kosa linaloniumiza zaidi ni la wanaochukua asilimia ya waliofikisha kumi na kuitangaza kuwa ndiyo asilimia ya wenye sonona. Kundi hilohilo la watafiti lilipima jambo hili mwaka 2020. Katika tafiti 44, waliofikisha kumi walikuwa asilimia 24.6. Waliothibitishwa kwa mahojiano ya kina walikuwa asilimia 12.1. Mara mbili. Ukisoma kichwa cha habari kwamba robo ya wanafunzi fulani au ya wafanyakazi fulani "wana sonona", tafuta kwanza kama kuna aliyewahoji baada ya dodoso.

Kuna mwanya mwingine ambao husahaulika. Mwaka 2011 Thombs na wenzake walionyesha kwamba tafiti nyingi za kupima usahihi zilihesabu pia watu ambao tayari walishajulikana kuwa na sonona, au walishaanza dawa. Lakini kazi ya uchunguzi wa awali ni kumpata ambaye hajajulikana. Ukimpima aliyekwisha kujulikana kisha ukafurahi kwamba dodoso limemkamata, umepima kumbukumbu zako.

Kumi bila huzuni

Hebu tujaze karatasi moja pamoja.

Swali la kwanza, kukosa hamu au raha ya kufanya mambo: 0. La pili, huzuni au kukata tamaa: 0. La tatu, usingizi: 3. La nne, uchovu: 3. La tano, kula: 3. La sita, kujiona huna maana: 0. La saba, kushindwa kutulia akili: 1. La nane na la tisa: 0.

Jumla 10. Huyu amevuka.

Anaweza kuwa mlinzi wa zamu ya usiku. Anaweza kuwa mjamzito mwenye upungufu wa damu, au mtu aliyeanza dawa za kifua kikuu wiki iliyopita. Dodoso la Ramadhani, watu wakiwa wamehamisha usingizi na milo yao, si sawa na dodoso la Shawwal. Na swali la tano linauliza hamu ya kula kana kwamba chakula kipo. Mtu anayelala na njaa kwa sababu unga umekwisha atajibu kwamba hali, na atakuwa amesema kweli.

Kwa hiyo usisome jumla peke yake. PHQ-9 ina njia ya pili ya kusomwa, nayo imeachwa nyuma kwa sababu kujumlisha ni rahisi. Hesabu ni maswali mangapi yamefikia alama 2 au 3. Yawe matano au zaidi, na mojawapo lazima liwe la kwanza au la pili. Swali la tisa huhesabiwa hata likipata 1. Njia hii huwakosa wagonjwa wengi zaidi ikilinganishwa na kizingiti cha 10, kwa hiyo sisemi ichukue nafasi yake. Nasema jicho lipite hapo kabla kalamu haijaandika neno "sonona". Kumi ya mlinzi na kumi ya mtu aliyejaza 3 na 3 kwenye maswali mawili ya mwanzo ni kumi mbili tofauti.

Waliotaka kuukwepa mtego wa mwili walishawahi kujaribu. Dodoso la HADS la Zigmond na Snaith, la 1983, lilitungwa kwa ajili ya wagonjwa wa hospitali, nalo likaacha makusudi maswali ya usingizi, uchovu na kula. Lina kasoro zake, ila wazo lenyewe lilikuwa sahihi.

Kiswahili mezani

Turudi kwa mama na nusu ya siku yake.

Tafsiri za madodoso hupitia utaratibu unaoaminika: mmoja anatafsiri kwenda Kiswahili, mwingine asiyeiona asili anarudisha Kiingereza, kisha zinalinganishwa. Utaratibu huu hukamata neno lililokosewa. Haukamati neno lenye maana mbili. Mtafsiri wa kurudisha ni msomi, anajua madodoso yanavyoongea. Akiona "zaidi ya nusu ya siku" atarudisha sawasawa na asili, wote watafurahi, karatasi itapigwa chapa.

Kinachokamata ni kumsomea mtu swali kisha kumuuliza: umenielewaje? Nieleze kwa maneno yako. Watu kumi au kumi na tano wa eneo husika, wake kwa waume, waliosoma na wasiosoma, hutosha kuyafukua mengi.

Na yapo mengi. "Wiki mbili zilizopita" kwa wengi ni wakati ule, wiki mbili nyuma, si kipindi chote kuanzia hapo mpaka leo. Mtu anaweza kukujibu kuhusu siku ya msiba na kuiruka wiki nzima iliyofuata. "Kujisikia vibaya" ni kuumwa. Homa ni kujisikia vibaya. Swali la sita linauliza kujidharau, kujiona umeshindwa, umeiangusha familia. Likianza na "kujisikia vibaya", anayeumwa tumbo atasema ndiyo kabla hujamaliza sentensi.

Kisha kuna lile neno dogo "au". Kukosa usingizi au kulala kupita kiasi. Kukosa hamu ya kula au kula sana. Kwenda polepole sana au kuhangaika huku na huku. Kwenye karatasi linapita. Linaposomwa kwa sauti, msikilizaji hungoja kuulizwa achague, na jibu la "ndiyo" halisemi ndiyo ipi. Usomapo, yatenganishe: usingizi unakuja? Au unalala hata mchana? Andika kubwa kati ya hayo mawili.

Dodoso la Edinburgh la akina mama waliojifungua, la mwaka 1987, lina mtihani wake. Swali la sita kwa Kiingereza ni nahau ya mambo kumpanda mtu juu. Ukitafsiri neno kwa neno, mama atakukodolea macho. "Mambo yamenielemea" linafika mara moja. Na wanaojumlisha alama zake wawe macho: maswali ya 1, 2 na 4 huanzia 0 juu kwenda 3 chini, mengine yote huanzia 3 kwenda 0. Anayejumlisha yote kwa mwelekeo mmoja anatoa namba isiyo na maana yoyote, na namba hiyo haionekani kuwa na kasoro.

Wanaopenya wavuni

Nimesema sana kuhusu wanaokamatwa bure. Wanaokosekana wananikosesha amani zaidi, kwa sababu hao hawaonekani.

Mtu mwenye sonona kwetu mara nyingi haji na huzuni mkononi. Anakuja na kichwa kinachowaka moto, moyo kwenda mbio, mwili kufa ganzi, mgongo. Ukimuuliza kama ana huzuni atasema hapana, tena kwa dhati. Muulize kama ana mawazo mengi, na uso utabadilika.

Zimbabwe walilifanyia kazi jambo hili mapema. Vikram Patel na wenzake, katika miaka ya 1990, walianza na maneno ya watu wenyewe, likiwamo kufungisisa la Kishona, yaani kuwaza kupita kiasi, wakatunga dodoso la maswali 14 ya ndiyo na hapana kuhusu wiki moja iliyopita. Ndiyo, hapana, wiki moja. Hakuna nusu ya kitu chochote.

Dar es Salaam pia imefanya. Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha mwaka 2008 dodoso la maswali 19 lililojengwa kutokana na namna watu wa hapa wanavyoieleza dhiki yao. Nashangaa kwa nini halitajwi zaidi. Najua sababu moja: ukitumia dodoso lako, huwezi kulinganisha namba zako na za dunia. Lakini mgonjwa hakuja kliniki ili alinganishwe na dunia.

Sisemi PHQ-9 itupwe. Ni bure, ni fupi, na kwa mikono inayoijua inafanya kazi. Nasema usahihi wake hausafiri pamoja na karatasi. Hutengenezwa upya kila chumba, na anayeutengeneza ni yule anayesoma swali.

Njiti kumi na nne

Weka njiti 14 za kiberiti mezani, au kokoto, au punje za mahindi. Kama leo ni Jumatano, mwambie mtu: hizi ni siku zote tangu Jumatano ya wiki ya juzi mpaka jana. Taja jambo analolikumbuka, kama gulio, harusi, mechi, mvua kubwa. Kisha uliza: katika siku hizi, ni ngapi ambazo ulikosa usingizi? Asogeze mwenyewe.

Hakuna njiti iliyosogea: 0. Chache, mpaka saba: 1. Nane mpaka kumi na moja: 2. Kumi na mbili na kuendelea: 3. Mipaka hii si ya waliotunga dodoso. Wao waliacha maneno. Muhimu ni kwamba kituo kizima kitumie mipaka ileile, iandikwe, ibandikwe ukutani. Manesi wawili wakiwa na "kadhaa" mbili tofauti, mgonjwa atapona au kuugua kwa kubadilisha dawati.

Mwanafamilia asiwe mkalimani. Mtoto akimtafsiria mama yake swali la kukata tamaa, mama atajibu kwa ajili ya mtoto.

Swali moja likiachwa wazi, usiandike sifuri. Sifuri ni jibu. Yakiachwa mawili au pungufu, chukua wastani wa yaliyojibiwa uujaze pale. Yakizidi mawili, rudia.

Chini ya maswali tisa kuna la kumi lisilo na alama: matatizo haya yamekuzuia kiasi gani kufanya kazi, kutunza nyumba, kuelewana na watu? Kwa kuwa halijumlishwi, linarukwa. Mimi ningelisoma la kwanza. Mwenye alama 11 anayeendelea na biashara yake sokoni, na mwenye 11 ambaye hajafungua kibanda kwa siku tisa, hawahitaji kitu kimoja.

Na baada ya kumi, mtu azungumze naye. Dakika ishirini, mlango ukiwa umefungwa. Aulizwe kuhusu msiba, pombe, dawa anazotumia, vipigo nyumbani, na kama kuna kipindi maishani alichochangamka kupita kiasi mpaka watu wakashangaa, maana mwenye historia hiyo akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kulipuka. Damu ipimwe. Kama hali si ya hatari, dodoso lirudiwe baada ya wiki mbili. Huenda baadhi ya wale 140 wakawa wameshuka wenyewe.

Mataifa yenyewe hayajakubaliana. Jopo la wataalamu wa afya la Marekani lilipendekeza mwaka 2016 watu wazima wote wachunguzwe, kwa sharti kwamba mfumo wa uthibitisho, tiba na ufuatiliaji uwepo. Jopo la Kanada mwaka 2013 lilishauri wasichunguzwe wote kwa dodoso. Kinachowatenganisha ni kile kinachofuata baada ya karatasi.

Swali la tisa

Nimeliacha la mwisho kama lilivyo kwenye karatasi, na hapo ndipo penye tatizo.

Linauliza mawili kwa pumzi moja: kuwaza kwamba ni heri ufe, au kuwaza kujidhuru. Bibi wa miaka 80 anayesema "Mungu akinichukua nitapumzika" anapata 1. Kijana aliyeficha sumu ya wadudu nyuma ya nyumba, ambaye wazo limemjia siku tatu tu, naye anapata 1. Karatasi haiwezi kuwatofautisha. Jumla ya kijana huyo inaweza kuwa 7, chini ya kizingiti, na faili lake likarudishwa kabatini.

Kwa hiyo swali hili halina kizingiti. Jibu lolote lisilo sifuri linaendelezwa palepale, na ndugu ametoka nje: ni kufa tu unakokuwaza, au umewaza kujiua? Umeshapanga? Umeshawahi kujaribu? Kitu ulichokiwaza kiko wapi sasa hivi, na nani yuko nyumbani leo usiku? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Kwa wengi ni mara ya kwanza kuruhusiwa kulisema. Mwenye mpango haachwi peke yake hata kwenda chooni, na ndugu anayeaminika anaombwa aiondoe sumu au dawa hizo kabla jua halijazama.

Yote hayo huchukua nusu saa. Kama kituo kinagawa karatasi asubuhi kwenye foleni na kuzikusanya jioni ili ziingizwe kwenye kompyuta Ijumaa, swali la tisa lifutwe kwenye karatasi hizo, au apatikane mtu wa kuzisoma kabla mgonjwa hajafika getini.